Vitufe vya Papa

Papa, baba yangu, alikuwa anafinya kioo mahali hapana kitu. Kidole cha mukono wa kushoto, ule mukono uliobaki na nguvu, kilipita juu ya jina langu, kikasimama kwenye nafasi nyembamba kati ya kitufe changu na kitufe cha dada yangu mudogo, kikafinya pale. Akangoja. Akaniangalia.

"Papa, sogeza kidole kidogo," nikamwambia. "Unaita mimi ao unaita mudogo wangu?"

Akafunga macho kwa hasira. Alipoyafungua akafinya tena palepale, na ordinateri, ile kompyuta ya kioo cha kugusa, ikanyamaza, maana hakuna muntu aliyekuwa ameiambia pale iseme nini.

Mimi si muntu mupole, niseme ukweli. Mama ananiita pilipili tangu utoto, na kazi yangu haijanipunguzia ukali. Kitu kikikataa kutembea nataka nijue sababu, tena leo, si kesho. Kwa hiyo nikaamua: mukono unatetemeka, vitufe ni vidogo. Nitavinenepesha, nitapunguza nafasi kati yavyo, kazi kwisha. Kumbe!

Lakini ninyi hamujui ile paneli ya vitufe ilitoka wapi, na bila kujua hivyo hamutaelewa kitu.

Mimi naandika programu za ordinateri. Watu wa kwetu wakisikia hivyo wananiletea simu zilizoanguka mu maji. "Dada, si weye ni muntu wa mashini? Angalia hii." Nimechoka kueleza. Nilikuwa Kitshanga, mu kituo kimoja cha afya, na kazi yangu ilikuwa programu ya kuandikia wagonjwa, ile inayofunguka kwenye ordinateri ya meza: moja iko mapokezi, moja mu chumba cha dawa, moja kwa wamama wanaozaa. Kila dirisha la programu linaomba vitufe vyake, Andika, Tafuta, Futa, Funga. Yule aliyenitangulia mu ile kazi alikuwa amevitengeneza upya kila dirisha, kimoja kimoja. Mapokezi, Futa iko kushoto. Mu dawa, Futa iko kulia. Muuguzi akihama chumba, mukono wake unakwenda mahali umezoea, na mama wa watu aliyetembea tangu alfajiri na mutoto mugongoni anafutwa badala ya kuandikwa. "Mama, jina yako haiko." Haiko namna gani na mama mwenyewe amesimama pale? Nilikasirika mupaka nikakosa usingizi.

Hapo njo nikatengeneza paneli moja tu. Paneli ni ubao wa vitufe, si kitu cha ajabu. Unaipa maneno, yenyewe inatoa vitufe, inavipanga, inavipaka rangi, na kitufe kikifinywa inatoa habari: huyu amefinywa. Haijui kama huko nje ni mapokezi ao ni dawa, na haina haja ya kujua. Ni kama forma ya matofali, kile kibao cha kufyatulia. Forma haikuulizi unajenga kanisa ao unajenga choo. Unaiandika mara moja, unaiweka dirisha lolote, kesho unaipeleka kwa programu ingine kabisa. Na ilikuwa na sifa moja niliyojivunia kupita zote. Ukiondoa neno, vitufe vilivyobaki vinasogeleana vyenyewe, na hakuna muntu atakayejua kama pale palikuwa na kingine. "Angalieni," niliwaambia wenzangu, "haiachi pengo!" Wakasema, weye na mambo yako, twende tukakule.

Halafu Mama akapiga simu kutoka Kashebere.

Wazazi wangu ni watu wa Nyamitaba, watu wa vilima, wa maharagi na mihogo na ng'ombe wachache. Vita iliwasukuma hadi Kashebere, pale Walikale inapoanzia, kando ya njia ya wauza mawese. Wakapata nyumba ya mabao na kipande cha kulima. Papa alianguka mu kile kipande, jembe iko mukononi. Upande wa kuume ukafa, na sauti ikakufa nayo.

Papa bila sauti, jamani. Kwetu kijana akitaka muke haendi kuomba na mudomo wake mwenyewe. Ukoo unapeleka musemaji, na ukoo wa binti nao unaweka wake, halafu wale wawili wanapigana kwa mithali hadi ng'ombe wapatikane. Papa alikuwa anaitwa na watu ambao hata si wa ukoo wetu, kwa sababu ya ule mudomo. Kanisani alikuwa shemasi, na wahubiri walikuwa wanaogopa kumupa nafasi ya matangazo, maana matangazo yake yalikuwa marefu kuliko mahubiri. Na nyumbani alikuwa anaita. Anakaa kwenye kiti mbele ya mulango, anaita watoto wake mumoja mumoja kwa kufuata kuzaliwa, hata kama haja yake ni mutoto wa mwisho. Anaanza na mimi. Mimi nakuja mbio na povu la sabuni mikononi, ananiambia, "Si weye," anaendelea kushuka. Tulikuwa tunacheka sana.

Nilipofika nikamukuta amelala, mudomo umekwenda upande. Akajaribu jina langu. Ikatoka hewa tu, na mate. Akaona uso wangu, akageukia ukuta. Nilikwenda kulia nyuma ya nyumba mu mihogo, nikalia sana, nikajipangusa na kitenge, nikarudi ndani kama muntu aliyetoka kukata kuni.

Nikarudi Kitshanga kuomba ruhusa, na nikaomba kitu kingine. Kulikuwa na ordinateri moja yenye kioo cha kugusa, pembe yake imepasuka, wameiweka kando. Wakanipa, pamoja na batri ya jua ya kuiwasha. Nikaifunga mu blanketi, nikaibeba mugongoni juu ya pikipiki, milima yote ile, matope yote yale. Ule wa pikipiki aliniuliza njiani, "Mama, mutoto anapumua? Simusikii kulia." Nikamwambia, "Huyu atalia akifika." Nilikuwa na furaha ile siku, na ninaikumbuka kwa sababu haikukaa.

Sikubadilisha hata mustari mumoja wa ile paneli. Ile ile iliyokuwa inaandika wagonjwa, sasa nikaipa maneno ya Papa. Dirisha la kwanza: Maji, Baridi, Nigeuzeni, Inauma. La pili: Ndiyo, Hapana, Tuombe. Kila kitufe kikifinywa kinasema neno lake kwa sauti. Mara ya kwanza nilitia sauti yangu. Papa akasikiliza, akakunja uso kama amemeza quinine. Ile sauti ya shule, ya kuchanganya na Kifaransa, si ya nyumba yake. Nikamuita Mama.

"Mi nitasema nini mule?" Mama akauliza.

"Sema tu 'maji,' Mama. Kama yeye njo anasema."

Akacheka mupaka akashika mulango. "Tangu aniowe yeye iko anasema, mi naitika. Leo mi nitasema mu mudomo yake? Dunia imegeuka!" Lakini akakaa, akatengeneza kitambaa cha kichwa kama anapigwa picha, akasema maji.

Basi ile siku Papa alikunywa maji hadi tukaogopa. Anafinya, sauti ya Mama inaomba maji, Mama mwenyewe anayaleta, Papa anafinya tena ili tu aone mambo yakitembea. Watu wa kanisa wakaja kuangalia. Muzee mumoja akamutania, "Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Huyu mwenzetu anaongoza nyumba nzima na kidole kimoja!" Nusu ya uso wa Papa ikacheka. Mi nikajisikia mukubwa.

Njo nikatengeneza dirisha la tatu, la majina, ili aweze kuita watu kama zamani. Nikaandika Mama. Nikaandika jina langu. Nikaandika la dada yangu mudogo, ambaye alikuwa anashona nguo pale pale barazani. Mama akayasema yote matatu, nikafunga.

Nimewaambia Papa alikuwa anaita kwa kufuata kuzaliwa. Sasa niwaambie kile ambacho nyumba yetu ilikuwa haisemi: sisi hatukuzaliwa wawili. Kati yangu na dada yangu kuna kijana. Alikuwa mucheshi, mwembamba, muvivu wa jembe lakini hodari wa mbuzi, na Papa alimupenda kwa namna ya kumugombeza kila saa. Alipofika umri wa kuota ndevu akaenda mu pori ya Walikale na wale wenye bunduki. Wengine wanachukuliwa kwa nguvu. Yeye alikwenda, ao alisukumwa, ao njaa ilimwita, mi sijui, hakutuaga. Halafu Jumapili moja, tungali Nyamitaba, wakashuka kilimani, na yeye mu katikati yao, wakachukua mbuzi wa mujane mumoja wa kanisa letu. Watu wote walimuona. Ule mujane alimuita kwa jina, akamulilia, "Mutoto wangu, si mi nilikubeba mugongoni?" Hakugeuka.

Papa alisimama mu kiwanja cha nyumba, koti la kanisa iko mwilini, akasema, "Ile jina nisiisikie tena mu nyumba yangu. Muntu asiitaje. Ata mi siitaji." Papa hakuwa muntu wa kusema kitu na kukirudia. Alipeleka mbuzi wetu wote kwa ule mujane, akarudi, akakaa kwenye kiti, jioni akaita watoto. Akaniita mimi. Akanyamaza kidogo. Akamuita mudogo wangu.

Tukazoea, kama muntu anavyozoea jino lililotoka. Mama akiomba anasema, "na wale wako mu njia, Bwana," tunaitikia amina. Ndiyo maana, nilipokuwa napanga majina ya paneli, vidole vyangu viliruka lile jina bila kuniuliza. Sikufikiri hata kidogo. Na paneli yangu, kwa vile nilivyoifundisha, ikatusogeza mimi na mudogo wangu, ikatukaribisha vizuri.

Basi Papa anafinya kati yetu.

Nikanenepesha vitufe. Akafinya kati. Nikapunguza nafasi. Akaitafuta, akaipata, akafinya. Dada yangu akasema, "Labda anataka radio." Nikamutilia Radio. Nikamutilia Biblia, nikamutilia Ng'ombe, Muchungaji, Jua, kila neno ambalo wageni walikumbuka kwamba alilipenda. Vyote vinakaa chini, mwisho wa orodha. Papa haviangalii hata. Mimi nikazidi kukasirika, si naye, na ule ubao. Nikamwambia dada yangu kwamba kuna kosa mu hesabu ya kioo, kwamba kinapokea kidole mahali kidole hakiko. Nikafungua programu yote, nikaisoma mustari kwa mustari siku nzima. Hapakuwa na kosa.

Nikaondoa ile nafasi kabisa. Jina langu na jina la mudogo wangu yakagusana, rangi kwa rangi. Nikamwekea kioo mbele. "Haya, Papa. Sasa huwezi kukosea."

Akaangalia. Akatafuta. Halafu akageuza kidole, akaweka ukucha. Ukucha, polepole, juu ya ule mustari mahali vitufe viwili vinagusana, akausukuma pale kama muntu anayetaka kufungua sanduku. Machozi yakaanza kumutoka jicho moja.

Mama alikuwa anapukuchua maharagi karibu ya mulango. Hakuinua kichwa. "Wacha kusumbua baba yako," akasema.

"Si mi namusumbua, Mama! Anataka kitu, simuelewi!"

"Mi namuelewa."

"Unamuelewa? Anataka nini?"

"Tangu siku ya kwanza. Na mudogo yako anajua. Weye tu na mashini yako njo hamujui."

Nikamuangalia dada yangu. Akainamisha kichwa juu ya charahani. Hapo njo nikaona. Niliona kwa mara moja, nikakaa chini.

"Mbona hamukuniambia?"

"Tukuambie namna gani?" Mama akasema. "Kukuambia ni kumutaja."

Akatia maharagi mu kikapu, akasimama, akaniita nje. Tukapita nyuma ya nyumba, mu mihogo yake, mbali kidogo ya madirisha. Nilifikiri anataka kunikataza. Nikaanza kusema kwamba Papa mwenyewe njo anaomba, kwamba aliyefunga njo anafungua, kwamba nitatia lile jina leo leo. Akaniwacha nimalize.

"Utatia," akasema. "Lakini weye ujue kwanza. Ule mutoto hayuko."

"Hayuko namna gani?" nikauliza.

Akasema hivi. Kabla Papa hajaanguka, mama mumoja wa kanisa, wa kutoka mbele huko Walikale, alishuka sokoni na mawese. Akamuvuta Mama kando. Akamwambia kwamba kaka yangu alipigwa risasi wakati wa kuvuka muto, alikuwa amewacha bunduki, alikuwa anarudi nyumbani, na wale wenzake walimufuata. Wanakijiji wakamuzika kando ya njia, wakapanda hapo muti. Ule mama alikuwapo. Alimuosha uso.

"Na weye ukafanya nini?" nikauliza.

"Nikarudi kulima. Nililima mupaka jua ikazama. Watu wakapita njiani wakanisifu, mama iko na nguvu." Akatoa jani kavu kwenye muhogo, akalivunja vunja. "Ningemwambia baba yako nini? Kwamba ule amekufa? Ule gani? Mutoto wangu, nilimuzaa, nimuite ule? Nikaona heri nikae naye peke yangu."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Mi nilikuwa nimeusikia ule usemi kila arusi na kila kilio, nikauona ni wa kupamba maneno. Nilimushika Mama tukalia pale pale tumesimama, bila sauti kubwa, kwa sababu Papa alikuwa na masikio mazima.

Tulirudi ndani nikamushikia simu ya kunasa sauti. Mama akafungua mudomo, lile jina likakataa. Miaka yote ile lilikuwa limekaa mule bila kutumika. Akajaribu tena likatoka nusu. Akasema, "Ngoja," akakwenda kunawa uso, akarudi, akasimama wima, akaliita kama alivyokuwa anamuitia chakula kule Nyamitaba wakati mbuzi ziko mbali, akilivuta mwisho. Dada yangu akawacha kushona. Nililisikia lile jina likipita mu nyumba.

Nikaliandika mahali pake, la pili katika watoto. Paneli ikafanya kazi yake. Kitufe cha mudogo wangu kikashuka ngazi moja, cha kaka yetu kikakaa kati. Ilikuwa kazi ya dakika kidogo tu.

Papa alikiona kabla sijakaa vizuri. Alikisoma. Midomo yake ilikuwa inasoma. Akafinya, na sauti ya Mama ikamuita mutoto wake mu kiwanja chote.

Papa akageuka akaangalia mulango.

Huo mulango! Mi nilikuwa nimefikiri habari ya jina. Sikufikiri habari ya mulango. Lakini ile paneli ilikuwa imemuzoeza hivyo: akifinya Mama, Mama anaingia. Akinifinya mimi, mimi naingia. Akafinya tena. Akaangalia mulango tena, na uso wake, ule upande mzima, ulikuwa na hofu na furaha pamoja.

Mama akajibu kutoka nje, "Iko mu njia, Papa!"

Nikachungulia nje, nikamutazama Mama kwa macho makali. Hakunitazama.

Kesho yake Papa akaonyesha na kidole koti la kanisa lililotundikwa ukutani. Tukamuvalisha. Akaonyesha ndevu, dada yangu akamunyoa. Akakaa kwenye mito ameegemea, amevaa vizuri, anafinya, anaangalia mulango, anafinya. "Iko mu njia," Mama anasema, na kila mara sauti yake inapungua. Majirani walianza kulisikia lile jina, na wengine wa Nyamitaba waliokimbilia huku kama sisi walilijua. Wakanyamaza wakipita mbele ya nyumba yetu.

Nilishindwa. Nikamukamata Mama jikoni. "Mama, mwambie! Mzee wa watu amevaa koti anangoja maiti!"

"Usiniletee pilipili yako," akasema. "Akijua atakufa."

"Na asipojua atangoja mupaka akufe. Ni gani bora?"

"Wacha angoje. Ata mi ningependa ningali nangoja. Kungoja ni kuzuri, mutoto wangu. Hauujui weye uzuri wake."

Nikatoka nikakaa na dada yangu, na sote wawili tukasikia lile jina likiitwa ndani, likinyamaza, likiitwa.

Ikapita siku kidogo. Alasiri moja mvua ilikuwa imeisha, jua imetoka kidogo, Mama akaosha mikono yake, akaipangusa vizuri, akaingia chumbani kwa Papa akakaa kitandani. Hajawahi kukaa kitandani mchana maisha yake yote. Alitukuta tuko pale, mimi na dada yangu, akatuambia tubaki. Papa alikuwa na koti. Kidole kilikuwa kinaelekea kioo. Mama akakishika.

Akamutaja. Kwa mudomo wake, si kwa mashini, akasema lile jina, halafu akasema, "Baba yake, alikuwa anarudi. Bunduki aliiwacha. Walimuua njiani, watu wa Mungu wakamuzika. Hatakuya."

Papa hakutikisika. Nilikuwa ninaangalia kifua chake kama kinapanda. Mama akamuwachia kidole.

Kidole kikaenda kwenye kioo, kikafinya. Ile sauti ikamuita kaka yangu mu kiwanja. Papa hakuangalia mulango. Alikuwa anamuangalia Mama. Akafinya tena. Tena. Tena. Mi nilitaka kumuzuia, nikafikiri hakusikia, hakuelewa, ugonjwa umepanda kichwani. Dada yangu njo alinishika kitenge akanirudisha. Kwetu muntu akikufa, tunamulia kwa kumuita. Unasimama mu kiwanja, unamuita kwa jina lake, unarudia mupaka sauti ikauke, njo watu wanajua mu ile nyumba kuna kilio. Papa hakuwa na sauti.

Wakaja. Kwanza mama jirani, akavua viatu mulangoni. Halafu ule muzee wa kanisa. Halafu wengine, wakakaa chini barazani na kwenye matope ya kiwanja, wamama wakaanza kuitikia kila mara lile jina likiitwa. Hakuna aliyeuliza ni nani amekufa.

Batri ya jua haikuwa imejaa ile siku, sababu ya mvua. Kioo kikawa cheusi. Nikaruka kwenda kuangalia nyaya, lakini nilijua hakuna kitu, imekwisha. Papa hakuwacha. Kidole chake kilipajua mahali pale bila kuona, akafinya kile kioo cheusi. Na Mama, aliyekaa karibu naye, kila mara kidole kilipogusa, alimuita mutoto wao na mudomo wake mwenyewe.